Akili ipo, kasi ndiyo imepungua: mwongozo wa kuishi na uchovu wa akili kwa mwenye MS jijini Nairobi

Mtu mwenye maltipo sklerosisi, au MS kama tulivyozoea kuiita, akikwambia "kichwa kimejaa, siwezi kufikiri tena", mwamini. Anaweza kuwa amelala usiku kucha, amekunywa chai vizuri, anatembea bila mkongojo, na bado saa tano asubuhi hawezi kujumlisha bei ya nyanya na vitunguu kwa mama mboga. Hali hiyo ni dalili ya ugonjwa sawasawa na ganzi ya miguu au macho kuona ukungu, ila haina jeraha la kuonyesha watu.

Nimeandika haya kwa ajili ya mwenye MS na wale wanaoishi naye. Mimi naishi na dadangu mkubwa mwenye MS, na mengi hapa tumeyajaribu nyumbani kwetu. Mengine tumefundishwa na madaktari na wataalamu wa tiba kazi.

Kwanza: elewa kinachotokea ndani ya kichwa

Katika MS, kinga ya mwili inashambulia mielini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Utando ukichubuka, ujumbe wa neva hupungua mwendo au hukwama. Ubongo hujitahidi kutafuta njia nyingine, na hapo ndipo nguvu zinapokwisha. Ni kama barabara kuu ya Waiyaki Way ikifungwa saa za jioni: magari yanapenya vichochoroni, yanafika yanakokwenda, lakini yamechelewa na yamechoma mafuta mara mbili.

Kinachoguswa zaidi ni kasi ya kufikiri. Halafu hufuata kushika mambo mapya, kupanga hatua za kazi, kufanya mambo mawili kwa pamoja, na kupata neno unalolitaka wakati unalitaka. Maarifa ya zamani, utu wa mtu na uelewa wake wa lugha kwa kawaida hubaki. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 65 ya wenye MS hupata matatizo ya aina hii kwa kiwango fulani, na si jambo lililogunduliwa juzi. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1868, alishaona kwamba kumbukumbu za wagonjwa wake zinadhoofika na fikra zao zinakuja polepole.

Jambo moja linalowachanganya majirani, na hata baadhi ya wahudumu wa afya: hali ya kichwa haifuati hali ya miguu. Kuna anayetumia kiti cha magurudumu na akili yake inakata kama wembe, na kuna anayepanda ngazi bila shida lakini hawezi kufuata mkutano wa nusu saa.

Pili: weka daftari kwa wiki mbili

Daftari la shule la kurasa thelathini na mbili linatosha. Kila siku andika ulilala vipi, ulifanya nini, saa ngapi kichwa kilianza kugoma, na mahali ulipokuwa palikuwaje: joto, kelele, watu wengi. Mstari mmoja kwa kila tukio. Usigeuze zoezi hili kuwa mzigo mwingine. Ukikosa siku moja, endelea kesho.

Daftari la dadangu lilituonyesha kitu ambacho sote tulikuwa hatujakiona. Tulidhani kazi ya hesabu ndiyo inayomchosha. Kumbe siku alizofanya hesabu zilezile nyumbani asubuhi alikuwa sawa. Siku mbaya zote zilianza na safari: matatu yenye muziki wa kupasua masikio, konda anaita abiria, chenji inahesabiwa, halafu foleni. Alikuwa anafika kazini akili imeshatumika kabla hajafungua kompyuta. Bila kuandika tungeendelea kupambana na adui asiye yeye.

Tatu: peleka daftari kliniki, na uombe vitu kwa majina

Usiende kusema tu "nasahau sana". Utajibiwa kwamba kila mtu husahau. Andika sentensi tatu juu ya karatasi: lini ilianza, inakuzuia kufanya nini, na inazidi wakati gani. Kwenye kliniki za umma foleni ni ndefu na dakika za daktari ni chache, kwa hiyo karatasi hiyo izungumze kwa niaba yako ikiwa kusubiri kumeshakumaliza. Nenda na mtu. Yeye aandike majibu, wewe sikiliza.

Kabla ya kusema ni MS yenyewe, kuna wezi wengine wa akili ambao hutibika, na hawa nawasisitiza kwa sababu hupuuzwa:

Usingizi uliokatikakatika, kwa mfano kwa kuamka kwenda haja ndogo mara kwa mara au kwa misuli kukakamaa. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, ambayo huwapata karibu nusu ya wenye MS wakati fulani wa maisha yao. Ina dawa na ina ushauri nasaha, na kuitibu huweza kurudisha sehemu kubwa ya umakini. Upungufu wa damu, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, au vitamini B12 kuwa chini. Vyote vitatu hupimwa kwa damu. Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mwenye MS yanaweza kuja bila maumivu yoyote, yakaonekana tu kama kichwa kizito.

Halafu dawa. Oksibutinini ya kibofu, baklofeni ya misuli, amitriptilini, gabapentini na pregabalini za maumivu: zote zinaweza kupunguza kasi ya akili. Beba pakiti zote mkononi, umwonyeshe daktari, umuulize kama ipo inayoweza kupunguzwa, kubadilishwa au kunywewa usiku. Usiache mwenyewe. Baklofeni hasa ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege.

Omba pia kipimo kifupi cha kasi ya kufikiri kinachoitwa SDMT. Unaonyeshwa alama tisa, kila moja na tarakimu yake, halafu kwa sekunde 90 unataja tarakimu za alama nyingi kadiri uwezavyo. Hakihitaji mashine. Mapendekezo ya wataalamu wa MS yaliyochapishwa mwaka 2018 yanataka kifanyike mapema, wakati ugonjwa umetulia, kisha kirudiwe kila mwaka. Idadi unayopata leo ndiyo itakayokutetea baadaye: ikishuka kwa nne au zaidi, daktari ana sababu ya kuangalia kama ugonjwa unaendelea kimyakimya na kama dawa ya kuuzuia inafaa kubadilishwa.

Kuhusu vidonge vya kuondoa uchovu, msimamo wangu uko wazi. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha amantadini, modafinili na methailifenideti na kidonge kisicho na dawa, na hakuna hata kimoja kilichokishinda kwa uchovu wa MS. Daktari wako anaweza kuwa na sababu ya kujaribu kimojawapo kwako. Hilo ni kati yenu wawili. Lakini anayekuuzia "dawa ya kumbukumbu" mtaani au mtandaoni kwa maelfu ya shilingi, mpite. Pesa hizo zilipe vipimo vya damu.

Nne: panga siku kwa kufuata kichwa, si saa

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko popote, na hapahitaji fedha.

Tafuta kwenye daftari saa zako nzuri. Kwa wengi ni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Saa hizo zisiliwe na vyombo wala kufua. Ziwekee jambo moja tu linalohitaji akili: kujaza fomu, kusoma, kuongea na benki, kupanga matumizi ya mwezi. Kazi za mikono zisubiri mchana.

Pumzika kabla hujachoka. Watu wengi hungoja mpaka kichwa kizime ndipo wakae, na wakati huo nusu saa haisaidii tena, siku imeshaharibika. Fanya kazi kwa dakika ishirini au thelathini, kisha simama kwa dakika tano hadi kumi. Kupumzika maana yake ni kufumba macho au kutazama nje bila kufanya chochote. Kupekua simu hakuhesabiki. WhatsApp ni kazi ya kusoma, kuamua na kujibu, na inakula akili ileile unayojaribu kuihifadhi.

Fanya jambo moja kwa wakati. Najua kwa mama wa Nairobi mwenye watoto hilo linasikika kama ndoto. Jioni moja nilimkuta dadangu jikoni amesimama na pakiti ya unga mkononi, maji yanachemka mpaka sufuria inarusha matone kwenye jiko. Mtoto alikuwa ameuliza swali la hesabu, simu ikalia, na redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Hakuwa amesahau jinsi ya kusonga ugali. Mambo manne yalikuwa yamefika mlangoni pamoja na hakuna lililoweza kuingia. Nilizima redio, nikachukua simu, nikamwambia mtoto, "Ngoja mama asonge kwanza." Akamimina unga, akaendelea kama kawaida.

Tangu hapo nyumbani tuna neno: "Nipe dakika." Yeyote akilisikia ananyamaza, hata mgeni. Hakuna kuuliza kwa nini, hakuna kurudia swali kwa sauti kubwa zaidi. Chagueni neno lenu, mlizoeze kwa watoto mapema.

Na kama kesho kuna harusi, matanga au safari ya ushago, leo pasiwe na jambo kubwa, wala kesho kutwa. Mtu wa MS anaweza kuifanya siku kubwa vizuri sana. Inayomwangusha ni siku kubwa tatu mfululizo.

Tano: linda pesa

Sehemu hii inaumiza kimya kimya. Kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi, kulipa kodi ya nyumba mara mbili, kusahau mchango wa chama cha akiba, kumtajia mtu namba ya siri kwa sababu amezungumza haraka na kukupa presha. Matapeli wa simu wanategemea haraka, na haraka ndiyo kitu ambacho kichwa chako hakiwezi.

Jiwekee sheria hizi. Usitume M-Pesa ukiwa unatembea, kwenye matatu, au mtu akikusubiri mbele ya kaunta huku foleni ikinung'unika nyuma yako. Hifadhi namba za watu unaowatumia kila mara ili uchague jina, usiandike tarakimu kumi. Jina la mpokeaji likitokea, lisome kwa sauti. Ikitokea umekosea, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja; kila dakika inayopita inampa mpokeaji nafasi ya kutoa.

Anayepiga simu akitaka uamue sasa hivi, jibu ni moja: "Nitakupigia." Kata. Halafu mwulize mtu unayemwamini. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, awe anasema anatoka wapi.

Malipo ya kila mwezi kama kodi ya nyumba, umeme, maji, karo na bima ya afya ya SHA, yaandike kwenye karatasi moja nyuma ya mlango wa kabati, uweke alama mara tu unapolipa. Ukiweza, yalipe yote siku moja, asubuhi, na mtu akiwa kando.

Sita: joto na barabara

Joto hupunguza zaidi mwendo wa ujumbe kwenye neva iliyochubuka. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alilieleza jambo hilo mwaka 1890 kwa wagonjwa ambao macho yao yalififia baada ya mazoezi, na leo tunajua hata nusu digrii ya joto la mwili inaweza kutosha. Joto hilo halileti uharibifu mpya. Mwili ukipoa, hali hurudi. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na Julai baridi inatusaidia. Lakini kuanzia Januari hadi Machi, chumba cha mabati saa nane mchana si mahali pa kufanyia hesabu. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Kitambaa chenye maji baridi shingoni, chupa ya maji baridi mkononi, na dirisha la matatu upande usio na jua: vyote hivyo ni matibabu. Homa pia ni joto, kwa hiyo kichwa kikizima ghafla pima homa na mkojo kwanza.

Barabarani, kama kazi inaruhusu, ondoka kabla ya msongamano au baada yake. Matatu tulivu hata kama inachelewa kidogo kujaa ni bora kuliko ile yenye spika nne. Plagi za masikioni ni rahisi, na husaidia. Shuka, tafuta pa kukaa dakika kumi, ndipo uingie ofisini.

Usiongee na simu ukivuka barabara. Kutembea na kuzungumza ni kazi mbili, na mwenye MS anapozifanya pamoja mwendo hupungua na kuanguka kunakaribia. Kwenye Thika Road tumia daraja la wapita njia kila mara. Ukiwa unaendesha gari na siku hizi unakosa kona unazozijua au unashtuliwa na honi mara kwa mara, kabidhi funguo kwa muda na mweleze daktari.

Saba: kumbukumbu isaidiwe, isipimwe

Acheni kumfanyia mtihani. "Unakumbuka nilikwambia nini jana?" ni swali linalochosha na kuaibisha. Mwambie tu tena.

Funguo, kitambulisho, dawa na simu viwe na mahali pamoja pasipobadilika. Kengele ya simu iwe na maneno, "nywa dawa ya saa mbili", maana kengele tupu hulia ukabaki unajiuliza ni ya nini. Kuna pia mbinu ya kuyafunga mambo unayotaka kukumbuka ndani ya hadithi fupi na kuiona kama picha kichwani; ilijaribiwa kwa wenye MS nchini Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, na waliofundishwa walijifunza mambo mapya vizuri zaidi. Ukitaka kununua maziwa, sabuni, betri na kadi ya shule, mwone ng'ombe anayeoga kwa sabuni huku ameshika tochi na kadi imening'inia shingoni. Kadiri picha inavyochekesha ndivyo inavyoganda.

Mazoezi mepesi ya mwili ya mara kwa mara, kama kutembea asubuhi msitu wa Karura au kuzunguka mtaa wenu, yana ushahidi mzuri wa kupunguza uchovu wa MS. Anza kidogo mno, hata dakika tano, na ongeza polepole.

Nane: zungumza na watu

Wazazi wengi watasema ni mawazo, au kuna mkono wa mtu. Usibishane. Waweza kusema: "Mama, daktari ameniambia neva za ubongo zimeumia, ndiyo maana nachelewa kujibu. Ukinipa muda jibu litakuja." Kwa shemeji au mkwe, aseme mwenzako, maneno hayo yanapokelewa vizuri zaidi yakitoka kwa mtu wa upande wao.

Kwenye chama, kama ulikuwa katibu na kumbukumbu za mkutano zinakushinda, omba kazi nyingine. Dadangu aliacha kuandika, akawa anawapigia wanachama simu asubuhi mmoja mmoja, na chama hakijawahi kuwa na mahudhurio mazuri vile.

Kazini, omba vitu mahususi badala ya huruma: maagizo yaje kwa maandishi, meza iwe mbali na mlango, mikutano iwe asubuhi, ripoti ngumu ziandikwe nyumbani. Ni haki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa. Kuifikia, jisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Utahitaji kwanza kufanyiwa tathmini katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, na huko daftari lako, ripoti ya MRI (picha ya ubongo) na matokeo ya SDMT ndivyo vitakavyoonyesha kile ambacho macho ya jopo la tathmini hayawezi kukiona. Ukishasajiliwa na una mshahara, unaweza kuomba mamlaka ya ushuru, KRA, msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Fomu ni nyingi. Zigawe kwa asubuhi kadhaa, ukurasa mmoja mmoja, na aliye na mwandiko mzuri nyumbani aandike huku wewe ukimsomea majibu.